UZI: Addis Ababa siyo Bole peke yake. Nilivyofika mara ya kwanza nikitokea Moshi

Binti_Kibosho

Habari za jioni wakuu.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kama yupo aliyewahi kukaa Addis Ababa, siyo kupita. Majibu yote yakawa ya uwanja wa ndege. Bole kubwa, Bole ina foleni, Bole walinipa hoteli na chakula cha bure ndege ya Guangzhou ilipochelewa. Sisi wa Moshi na Arusha tunapandia Ethiopian pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kila leo, tunashuka Bole, tunakimbilia geti jingine. Jiji lenyewe tunalionea dirishani. Mimi nilitoka nje ya mlango na begi langu, mwezi wa tatu mwaka 2025, kwa hiyo acha niseme ninachokijua. Itakuwa ndefu. Nitaishusha kwa vipande maana naandikia simu na mtoto hajalala.

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Wa Moshi mnatujua, wale watu wa kijiko, tunavuta kwa kelele halafu tunatema. Ofisi ilipata nafasi ya mtu mmoja kwenda kwenye mafunzo Addis. Aliyekuwa aende akapata udhuru, jina likahamia kwangu. Pasipoti nilikuwa nayo, ila nchi ya nje niliyokuwa nimefika ni Kenya, tena Taveta, siku ya soko.

Chalii_wa_Sakina

Taveta 😂😂😂 dada hiyo unavuka na ndala. Endelea, nimekaa siti ya mbele.

Mangi_Mstaafu

Shusha kipande cha pili kabla umeme haujakatika huku.

Binti_Kibosho

Haya.

Kutoka KIA ni kama saa mbili na nusu hewani. Basi la Dar likiwa bado halijaiona Korogwe, wewe umeshafika. Na ufupi huo ndio unaodanganya, unashuka ukidhani uko jirani tu.

Tulitua saa moja na nusu usiku. Uhamiaji sikukaa sana, begi lilikuja. Kwenye dirisha la benki nikatoa dola nikapewa birr, na shilingi zangu yule kaka alizirudisha kwa kidole kimoja bila hata kuziangalia vizuri. Nikatoka.

Pale wanaopokea wageni hawaingii ndani, wanasubiri nje. Ratiba niliyopewa ilisema dereva wa nyumba ya wageni atakuwepo 8:00 na bango lenye jina langu. Aliyeiandaa ni mtu wa huku kwetu, kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kusafirisha watu. Nikasoma mabango yote. Ya Kichina yapo, ya mashirika yapo, ya wachungaji kutoka Nigeria yapo. Langu hakuna. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Watu wanakumbatiana, wanapakia mabegi, wanaondoka, mabango yanapungua. Simu nikiiangalia haina mtandao. Ofisini waliniambia ikifika kule itajiunga yenyewe. Kujiunga na nini, sijui.

Halafu ile baridi. Hakuna aliyenitajia kwamba Addis iko mita kama 2,350 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini hatufiki hata 1,000, Arusha ni 1,400 na ushee. Kwa waliopanda Mlima, hapo ni juu ya geti la Marangu na chini ya kibanda cha Mandara. Nimezaliwa na kukulia chini ya Kilimanjaro, sijawahi kupanda hata siku moja, na sasa niko kimo hicho usiku, nimevaa sketi na viatu vya wazi.

Wanaume watatu wanne walinifuata kwa zamu, "teksi, teksi". Mmoja alishika mpini wa begi langu. Nikaushika na mimi. Tukabaki tumeushika wote wawili, yeye anatabasamu, mimi sitabasamu. Wadada mnaelewa ile hali ambapo unajua kabisa huyu mtu pengine ni dereva wa kawaida anayetafuta riziki, lakini mwili umeshakataa.

Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja amejitanda shuka jeupe jepesi lenye pindo la rangi, wao wanaita netela. Alikuwa anamsubiri binti yake kutoka Beirut. Nimejua ni Beirut kwa sababu alilitaja jina hilo mara nyingi akionyesha juu angani, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia, mimi Kiamhari sina na yeye Kiingereza hana. Alimtazama yule mwanaume mwenye mpini, akasema maneno mawili tu. Mpini ukaachiwa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua karatasi yangu, akaitazama, akabonyeza namba ya nyumba ya wageni kwenye simu yake, akanipa.

Kijana wa mapokezi kule anaongea Kiingereza. Namuuliza dereva yuko wapi. Ananiambia dereva alikuja saa ile ile, nane, akasubiri, mgeni hakutokea, akarudi. Namwambia nane ndiyo kwanza imepita na mimi nilikuwepo. Ananiambia, kwa upole kabisa, hapana dada, nane mchana.

Wakuu, nilinyamaza. Nane mchana! Saa nane!

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku inaanza, asubuhi yao ina saa moja, saa mbili, saa tatu, vilevile kama yetu. Mtu wa ratiba aliandika 8:00 kwa hesabu ya tiketi, dereva akaisoma kwa hesabu ya bibi yake. Na bibi yangu mimi wa Kibosho angeisoma hivyo hivyo! Yaani nchi iliyotusubirisha nje ni moja ya chache duniani ambapo ningeweza kusema "nichukueni saa mbili usiku" na mtu akaelewa papo hapo.

Dereva alirudi, na hakudai ziada. Kabla hajafika yule binti wa Beirut alitokea, anasukuma mabegi yaliyofungwa kwa nailoni, na mama akapiga vigelegele. Vilevile vya Uru, hata urefu wake. Alinishika shavu akaondoka na mwanawe.

Chalii_wa_Sakina

Duh. Saa nane imenimaliza.

Qwaray_Karatu

Hilo la saa ni kweli, na kalenda nayo. Mwaka wao una miezi 13, mwaka mpya unaingia Septemba 11, na wako nyuma yetu miaka saba au minane kutegemea mwezi.

Ila nyie mnaopotea Bole mna nafuu. Sisi Wambulu sura zetu zinafanana na zao, tukifika kule kila mtu anatusemesha Kiamhari. Nilisimama dukani nikasema kwa Kiingereza sielewi, mwenye duka akakasirika akidhani namfanyia maringo. Ikabidi nitoe pasipoti kununua maji.

Binti_Kibosho

@Qwaray_Karatu 😂 pole. Kalenda nayo ilinipata kesho yake. Nilienda kusajili laini, wakapiga picha pasipoti na uso, risiti ikatoka imeandikwa mwaka 2017. Nikadhani mashine mbovu, nikairudisha. Dada wa pale akacheka, akaniambia huku umekuwa kijana zaidi.

Kwa watakaoenda: laini zipo mbili, Ethio telecom na Safaricom. Ndiyo, Safaricom hii hii ya Kenya, waliingia 2022. Lakini usije ukadhani utatuma hela kutoka Tanzania kirahisi, mimi nilihesabu noti.

DerevaNoah

Dada samahani nakutoa nje ya mada. Ni kweli wamepiga marufuku magari ya mafuta?

Binti_Kibosho

Kuyaingiza nchini ndiyo, tangu 2024. Yaliyokuwepo yanatembea. Ila gari za umeme za Kichina ni nyingi kweli, zinapita kimya kimya nyuma yako. Na wewe dereva sikia hili: kule wanaendesha kulia. Usiku ule dereva alipokuja mimi nikafungua mlango wa kwake nikitaka kukaa mbele. Kuvuka barabara ndiko kunakochosha, kichwa kinageuka upande ambao gari haitokei. Nilikuwa nasubiri mpaka apatikane mama mwenye mtoto mgongoni, nikavuka naye.

Kipande cha tatu.

Nyumba ya wageni ilikuwa maeneo ya Megenagna. Usiku wa kwanza sikulala. Kichwa kilinigonga, ngazi za ghorofa ya pili nikazipanda kama nimebeba gunia la mbolea. Kabla hakujapambazuka spika za kanisa zikaanza, ile sala yao ndefu ya kuimba, na haikwisha mpaka adhana ikaanza upande wa pili. Nikakaa kitandani nimejifunga blanketi nikawaza kumwandikia bosi kwamba naumwa. Ujumbe niliuandika. Haukwenda, kwa sababu laini bado.

Asubuhi ile nilikuwa na njaa ya nyama, kitu ambacho si kawaida yangu. Hakuna. Mwezi ule wa tatu 2025 ulikuwa wa ajabu: Waorthodoksi wako kwenye mfungo wao mkubwa wa siku 55, Waislamu wako Ramadhani, na sisi Wakatoliki tumeshaingia Kwaresima. Mwaka huo hata Pasaka yao na yetu ziliangukia tarehe moja, Aprili 20. Mworthodoksi akifunga hali nyama, maziwa wala mayai, na wanafunga pia Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo sahani ni injera, na juu yake vilima vilima vya dengu, njegere, sukuma, viazi na kabichi, pamoja na shiro, ule uji mzito wa unga wa njegere na viungo.

Injera ya kwanza sikuipenda, nisiseme uongo. Ni chachu, inakaa ulimini. Ya siku ya tatu nne nikawa nagombania pembe iliyolowa mchuzi.

Shangazi_Majengo

Mtu wa ndizi na mtori kuhamia chachu ghafla lazima tumbo lishangae. Lilikaaje?

Binti_Kibosho

Shangazi, lilishangaa. Tuishie hapo.

Mtumishi_Njiro

Uzi mzuri. Mimi niliwahi kufanya kazi Addis, kwa hiyo naongeza kidogo. Arusha na Addis zina undugu ambao watu hawauoni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko hapa kwetu ilianzia kazi Addis mwaka 2006, ikahamia Arusha 2007. Na ukienda makao makuu ya Umoja wa Afrika, nyuma ya lile ghorofa refu lililojengwa na China likafunguliwa 2012, kuna jengo la Amani na Usalama lenye jina la Julius Nyerere. Februari 2024 wakazindua na sanamu yake. Nilizoea kuwapeleka pale Watanzania waliofika wakiwa wanyonge. Mtu akimwona Mwalimu amesimama na fimbo yake anapata nguvu ya kwenda kutafuta chakula.

Chalii_wa_Sakina

Mtumishi umeongea kama hotuba ila nimeipenda.

Binti_Kibosho

@Mtumishi_Njiro sikupelekwa, ningejua ningeomba.

Sasa usafiri, kwa sababu hapa ndipo nilipopata akili ya jiji. Siku za kwanza gari la mafunzo lilitubeba. Halafu ikaja Jumamosi ya mapumziko na mimi sikutaka kukaa chumbani nikihesabu mabati ya jirani. Nikaamua kwenda Piassa, mtaa wa kizamani ambao kila mtu aliyewahi kuandika kuhusu Addis anausifia.

Hiace za kule ni za bluu na nyeupe. Kwa mtu aliyekulia kwenye vifodi hakuna kigeni, konda ananing'inia mlangoni anaimba majina ya vituo, abiria wanabanana, nauli inapita mkono kwa mkono. Tofauti ni mlango, uko upande wa kulia. Nilisimama kituoni nikisikiliza konda mmoja baada ya mwingine mpaka nikasikia "Piassa-Piassa-Piassa" ikitamkwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Binti wa mapokezi alikuwa amenifundisha kusema "weraj ale" ninapotaka kushuka. Nilirudia njia nzima kimoyomoyo. Ilipofika zamu yangu nikaitoa kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, gari zima likageuka, bibi mmoja akanipigia makofi. Naapa.

Tatizo ni kwamba Piassa niliyoisoma haikuwepo. Mwaka 2024 walibomoa sehemu kubwa ya ule mtaa. Jiji lote lilikuwa kwenye ujenzi, wanapanua barabara, wanaweka njia pana za waenda kwa miguu, taa, bustani. Ramani ya simu ilinipeleka kwenye uzio. Nikageuka, ikanipeleka kwenye uzio mwingine. Watu wengine mtaona ni maendeleo, na usiku kweli barabara zinapendeza, lakini nilimwona mzee amesimama kwenye ule uzio anachungulia kwenye tundu, na hakuwa mtalii.

Hata hivyo siku ile ndiyo niliyoacha kuogopa. Sina sababu moja ya kuwapa. Nilipotea, nikauliza, nikaelekezwa vibaya, nikauliza tena. Nikanywa juisi ya parachichi na papai iliyomwagwa kwa tabaka kwenye glasi, unakula kwa kijiko na ndimu. Nikapanda treni ya umeme ya mjini, ile iliyofunguliwa 2015, imejaa hadi huwezi kujikuna. Nikarudi Megenagna mwenyewe, giza limeshaingia, na konda alinirudishia chenji bila kudaiwa.

DerevaNoah

Konda kurudisha chenji bila kudaiwa. Hapo nimejua kweli ulikuwa nje ya nchi.

Guide_Mto_wa_Mbu

Umepita Piassa ukaacha makumbusho ya taifa? Hayako mbali sana na hapo. Lucy yuko pale, yule zamadamu wa miaka milioni 3.2 aliyepatikana Hadar mwaka 1974. Anayeonekana kwenye kioo ni nakala.

Wageni wangu huwa nawaambia hivi tukiwa Ngorongoro: jina la kisayansi la jamii ya Lucy lilitolewa mwaka 1978, na taya lililochaguliwa kuwa kielelezo cha jamii nzima halikutoka Ethiopia. Lilitoka Laetoli, mkoa wetu huu wa Arusha. Nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.66 zinaaminika kuwa za jamii hiyo hiyo.

Qwaray_Karatu

Kumbe ndiyo maana wananisemesha Kiamhari.

Mangi_Mstaafu

😂😂😂 Qwaray utatuua.

Binti, tumesubiri kahawa tangu mwanzo wa uzi. Umetoka nyumbani kwa kahawa kwenda kwenye chimbuko la kahawa na mpaka sasa umetupa dengu na Hiace.

Binti_Kibosho

Mzee wangu nilikuwa naiwekea nafasi.

Mafunzo yenyewe sitawachosha nayo. Tulikuwa watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na mimi, viti vya nyuma vikawa vya Kiswahili kufikia siku ya pili. Nilifaulu.

Kuna kitu nataka mjue kuhusu kazi yetu ili muelewe kilichonipata. Maabara ya kuonjea ina sheria. Kahawa inakaangwa kidogo tu, dakika 8 hadi 12. Inalazwa angalau masaa 8 kabla ya kuguswa. Unapima gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, na maji yawe nyuzi 93, yasitokote. Sukari ukiitaja wanakutazama kama umetukana. Mimi nimeishi na sheria hizo tangu niajiriwe.

Jumapili mama mwenye nyumba ya wageni akanibishia hodi, akaniita chini. Sebuleni walikuwa wametandaza majani mabichi sakafuni, na ubani unafuka kwenye chetezo. Binti yake amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Akaosha kahawa mbichi kwa maji, akaisugua kwa viganja mpaka maganda membamba yakatoka. Akaimwaga kwenye kikaango bapa na kuanza kuigeuza. Hakuna kipimajoto, hakuna saa, anaongea na wifi yake huku mkono unazunguka. Mbegu zikapasuka mara ya kwanza. Sisi hapo tungetoa. Yeye akaendelea. Zikapasuka mara ya pili, zikawa nyeusi zinang'aa mafuta, moshi umejaa chumba, na moyoni nasema mama umeiua. Akainuka na kikaango kinatoa moshi, akapita kwa mtu mmoja mmoja, na kila mtu anauvuta ule moshi kwa kiganja kuelekea usoni. Alipofika kwangu nikauvuta.

Sikuwa na fomu ya kuandika nilichosikia puani. Ingekuwepo, ningeandika vitu vinavyopingana na cheti changu.

Akaitwanga kwenye kinu, muda huo huo, haikulala hata dakika. Akaitia kwenye jebena, lile birika la udongo lenye shingo ndefu, akaichemsha. Ikatokota! Vikombe vidogo visivyo na mkono, sukari vijiko viwili kila kimoja, na tawi dogo la jani lenye harufu kali juu yake. Pembeni bakuli la bisi. Wanamimina mara tatu, abol, tona, bereka, na kila mara maji yanaongezwa juu ya kahawa ile ile, kwa hiyo ya tatu ni nyepesi. Huondoki kabla ya ya tatu, ni utovu wa adabu. Tulikaa mchana mzima. Jirani aliingia, mwingine akatoka, mtoto akalala mapajani mwangu bila kunijua. Mama alikata kipande cha injera, akakichovya, akanilisha kwa mkono wake mdomoni mbele ya watu wote kama bibi harusi.

Ilikuwa nzuri? Ilikuwa imeungua, ina sukari nyingi, na ningeipa alama ndogo sana. Nilikunywa zote tatu na ningekunywa ya nne.

Kinachonikaa mpaka leo ni hesabu nyingine. Ethiopia wanakunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayovuna. Sisi yetu karibu yote inauzwa nje ya nchi. Bibi yangu ana mibuni ya tangu enzi za baba yake, anachuma, anakoboa, anaanika, halafu anaingia jikoni kujichemshia chai ya maziwa.

Mangi_Mstaafu

Usimlaumu bibi. Wamisionari walileta mibuni Kilema mwaka 1898, na sisi tukaifanya shule, bati na hospitali. KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa wa 1933, ilijengwa kwa mbegu hizo. Kwetu Machame kahawa ilikuwa ada ya shule. Huwezi kunywa ada.

Shangazi_Majengo

Na mimi nabisha. Moshi inanywewa sana. Pita Mbuyuni jioni uone wazee na kahawa tungu na kashata, siasa mpaka giza. Mabibi wa migombani ndio hawanywi. Mjini tunakunywa tangu zamani.

Binti_Kibosho

@Shangazi_Majengo nakubali, Mbuyuni nilikuwa nimeisahau kabisa. Ila hata hapo ni wanaume. Mimi na mama yangu hatukai pale. Na ile mikahawa ya mjini ya watalii kikombe kimoja ni bei ya chipsi mayai.

@Mangi_Mstaafu simlaumu. Niliporudi nilimkaangia kwa ule mtindo, kwenye kikaango cha chapati. Alinusa moshi akasema nimeunguza mboga. Akanywa moja, akasema inafaa kwa kukesha kwenye msiba.

Chalii_wa_Sakina

Bibi apewe maua yake.

Mama_Kiborloni

Nimesoma wote kimya. Binti yangu amepata mafunzo ya miezi mitatu Addis kuanzia mwezi wa saba, ana miaka 22, anaenda peke yake. Sijalala wiki hii. Niambie ukweli mwanangu, nimruhusu?

Binti_Kibosho

Shikamoo mama.

Ningekuwa mimi ningemruhusu, ila ajiandae kuliko nilivyoandaliwa. Mwezi wa saba ni katikati ya mvua zao kubwa, zinaanza Juni hadi Septemba, na baridi yake siyo ya mwezi wa tatu niliyoisimulia mimi. Koti zito la mvua, soksi, viatu vilivyofungwa. Siku mbili za kwanza anywe maji mengi, asikimbilie ngazi, kichwa kitamuuma na kitaacha.

Dola awe nazo noti safi zisizochanika. Bei sikutajii kwa birr kwa sababu tangu Julai 2024 walipoiachia sokoni imeshuka, kutoka kama 57 kwa dola hadi juu ya 100, na hata mimi nilichobadilisha siku ya kwanza na siku ya kuondoka havikulingana.

Simu ndiyo itaibiwa kama kitu kitaibiwa. Merkato, soko lao kubwa, asiende peke yake na begi la mgongoni, na kwenye Hiace zilizojaa begi likae mbele. Usiku atumie teksi za programu za huko, Ride au Feres, hizo zinataka namba ya kule, kwa hiyo laini aisajili kabla hajatoka uwanjani. Kuguswa guswa na kuitwa itwa barabarani yapo, kama Stendi Kuu ya Arusha, hayazidi. Akikwama atafute mwanamke mtu mzima mwenye netela. Wako kila mahali.

Na aliyemwandikia ratiba amuulize saa ya kupokelewa ni ya asubuhi, mchana au usiku, na aandike kwa maneno.

Mama, nitumie ujumbe inboksi nikupe namba ya yule dereva. Anaitikia hata usiku wa manane, na sasa nimeshamfundisha kusema "karibu sana".